Mzigo, Mgongo na Gurudumu

Msomaji mpenzi, twaa karatasi nyeupe, burashi na kijaluba cha rangi za maji, uje tusimame pamoja kando ya barabara itokayo Nyeri kwenda Nanyuki, karibu na Naro Moru, asubuhi ya siku ya soko. Mlima Kenya umevua wingu lake kwa muda mfupi. Barabarani unakuja mkokoteni unaokokotwa na punda wawili. Juu yake mna magunia ya viazi na mitungi ya maji, na kijana ameketi ukingoni ameshika kifimbo. Nyuma yake, hatua chache, anakuja mama mmoja kwa miguu, ameinama, na mzigo wa kuni u mgongoni mwake. Chora upesi, kwani rangi ya maji haimngoji mtu. Ikikauka imekauka, wala haifutiki kama kalamu ya risasi.

Picha hiyo ni ndogo, lakini ndani yake imo habari ya zaidi ya miaka mia moja ya maisha ya mashamba katika nchi iliyouzunguka mlima huu. Habari yenyewe ni ya mzigo: nani aliubeba, nani alipumzishwa, na nani aliachwa aendelee kuubeba.

Nyeri imekwisha kupata mchoraji wa rangi za maji aliyejulikana duniani kote. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Maskauti, alihamia huko mwaka 1938, naye alikuwa mzee wa miaka themanini na mmoja. Alikaa katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu, bustanini mwa Hoteli ya Outspan, hata akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa mjini humo. Katika miaka hiyo michache alitoa vitabu alivyovipamba kwa michoro ya mkono wake mwenyewe, hasa michoro ya ndege na wanyama wa porini. Tembo walipata mchoraji, na ndege vilevile.

Lakini nakuomba utazame jina la hoteli ile aliyokaa. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell. Jina lake latokana na neno la Maburu wa Afrika Kusini, nalo maana yake ni kuwafungua maksai nira baada ya safari, ili wale majani na kupumzika. Jina hilo lilimwambia msafiri kwamba hapa ndipo mwisho wa mwendo. Fungua nira, keti, upumue. Neno hilo ndilo lililonitia fikra ya insha hii. Maksai wa gari walifunguliwa nira. Je, wale waliobeba mizigo kabla ya maksai kuja, na wale walioendelea kubeba huku maksai wakipita, wao walifunguliwa lini?

Ili tujibu swali hilo, yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ardhi imekunjwakunjwa kama kitambaa. Migongo ya vilima imelala mmoja kando ya mwingine, na kati yao mito ya Chania, Gura, Ragati na Thagana imechimba mabonde yenye kuta kali. Mtu aliyetaka kwenda kwa jirani wa mgongo wa pili alishuka mpaka mtoni, akavuka, kisha akapanda tena. Tusiwadharau wazee wa kale tukasema kwamba hawakuwa na akili ya gurudumu. Gurudumu lataka barabara, barabara yataka daraja, na gari lataka mnyama mwenye nguvu aliyefundishwa kukokota. Katika miteremko ile gari lingekuwa hatari kwa mwenyewe. Jirani zao Wamaasai, wakaao nchi tambarare, walikuwa na punda wa kubebea vyombo vya nyumba wakati wa kuhama. Lakini hata hao walimpakia punda mgongoni, hawakumfunga gari.

Basi miongoni mwa Wakikuyu mzigo ulikuwa kazi ya mwanamke. Aliufunga kwa ukanda wa ngozi, uitwao mukwa kwa lugha yao, akaupitisha ukanda huo juu ya paji la uso, na mzigo ukalala mgongoni. Kwa namna hiyo alileta kuni, maji, viazi vitamu, ndizi na mahindi. Kwa namna hiyohiyo alipeleka chakula kwa Wamaasai kubadilishana kwa ngozi na mifugo, na mara nyingine biashara hiyo ya wanawake iliendelea hata wakati wanaume wa pande mbili walipokuwa wakipigana. Kazi ilianza utotoni kwa mzigo mdogo, ikaongezeka kwa kadiri msichana alivyokua, hata katika uzee ukanda ukawa umeacha alama ya bonde katika paji. Wako wengi hivi leo waliowahi kuiona alama hiyo katika paji la nyanya zao. Ni kumbukumbu ya historia isiyoandikwa kwa wino.

Kituo cha serikali ya Waingereza kilianzishwa Nyeri mwaka 1902. Walioleta vitu vya kituo hicho walikuwa wapagazi, watu kama mimi na wewe. Baada yao walikuja walowezi, na pamoja nao gari kubwa la maksai, ambalo Maburu walikuwa wamelizoea siku nyingi huko kusini. Mwaka 1908 msafara mashuhuri wa Maburu ulipanda na magari yao hadi nyanda za Uasin Gishu, na gari la namna ileile likawa chombo cha mlowezi katika sehemu nyingine za nyanda za juu, pamoja na nchi ya Nyeri na Nanyuki.

Gari hilo lilikuwa nzito, la mbao ngumu, lenye magurudumu manne yaliyofungwa hatamu ya chuma pembezoni. Lilikokotwa na maksai kumi na wawili, kumi na sita au hata zaidi, wawili wawili chini ya nira moja, na mnyororo mrefu ukaziunganisha nira zote na gari. Mtu mmoja alitangulia akiwaongoza maksai wa mbele. Mwingine alikwenda kando na mjeledi mrefu, akimwita kila ng'ombe kwa jina lake. Mwendo wake haukushinda mwendo wa mtu atembeaye. Mvua iliponyesha katika udongo mweusi wa upande wa Laikipia, magurudumu yalizama mpaka vitovuni, na safari ya siku moja ikawa ya juma zima. Hata hivyo gari moja lilichukua mzigo ambao ungehitaji wapagazi makumi kwa makumi. Faida hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya mwenye gari.

Pengine utaniuliza kwa nini maksai, na farasi yu wapi? Katika nchi za Ulaya mchoraji akichora gari la shamba, humchora farasi mbele yake bila kufikiri. Hapa kwetu farasi alikuwa na adui wawili. Wa kwanza ni mbung'o, aletaye nagana katika nchi za chini. Wa pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi hasa majira ya mvua, ambao humuua farasi mzima kwa siku chache. Katika baridi ya Nanyuki na Nyeri farasi aliweza kuishi akitunzwa vema, lakini alikuwa wa gharama. Kwa hiyo akawa mnyama wa kupanda na wa michezo zaidi kuliko mnyama wa kazi. Mlowezi mmoja wa Nanyuki, Raymond Hook, aliona kwamba punda milia amezaliwa katika nchi hii na magonjwa yake, akampandisha na farasi. Chotara waliozaliwa walitumiwa kuchukua mizigo ya wapanda mlima. Ilikuwa hila ya werevu, lakini haikuenea. Gari la farasi halikupata kuwa gari la nchi hii.

Kuna mahali pengine ambapo mnyama alishindwa, na kushindwa kwake kukamwangukia mwanadamu. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914, na katika vita hiyo jeshi la Waingereza liliingia Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa koloni ya Wajerumani. Maksai, farasi, nyumbu na punda wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Mzigo ukawa ungali pale. Basi wakakamatwa wanaume wa Kenya, pamoja na wale wa kandokando ya mlima huu, wakatiwa katika jeshi la wapagazi. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la Kariokor ya Nairobi na la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo. Ukifika Nairobi, tazama sanamu za shaba zilizosimamishwa kwa ukumbusho wa askari wa vita ile: mmoja wa wale watu watatu ni mpagazi. Wahenga wamesema, punda afe, mzigo ufike. Katika vita ile punda alikufa kweli, na aliyeufikisha mzigo alikuwa mtu.

Baada ya vita gurudumu lilikwenda mbio. Reli ilikuwa imefika Thika kabla ya vita. Sasa ikaendelea kupanda, ikapita Sagana, Karatina na Kiganjo, na kufikia mwaka 1931 treni ilikuwa imefika Nanyuki. Malori yakafuata. Gari la maksai likarudi nyuma, likawa chombo cha ndani ya shamba, kisha likaachwa chini ya mti lioze. Mlowezi alikuwa amefungua nira. Lakini geuza uso utazame upande wa pili wa ua, ndani ya maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Hapo mukwa ulikuwa haujafunguliwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilijengwa Karatina kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya chakula cha majeshi. Mboga hizo zililimwa katika vishamba vya wananchi, na nyingi zilifika kiwandani kwa mgongo wa mwanamke. Mashine ilimngoja njiani mwisho, lakini njia yenyewe alikwenda kwa miguu.

Mwaka 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari, na vita vya kudai ardhi na uhuru vikawaka katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kuanzia mwaka 1954 serikali iliwaondoa watu zaidi ya milioni moja katika maskani yao ikawatia katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Kazi za kulazimishwa, pamoja na kuchimba handaki refu ukingoni mwa msitu, ziliwaangukia sana wanawake, nao walifanya kazi hizo kisha wakaenda kutafuta kuni na maji ya nyumbani kwa saa chache walizoruhusiwa kutoka. Sidhani kama mgongo wa mwanamke wa Nyeri ulipata kuelemewa kuliko miaka ile.

Katika miaka hiyohiyo ardhi ilipimwa upya. Hapo kwanza jamaa moja ilikuwa na vipande vya shamba huku na huko. Sasa vikakusanywa vikawa kimoja, kikatolewa hati. Kazi hiyo ilifanyika haraka, na wengine waliokuwa vizuizini walirudi wakakuta haki yao imepunguka. Aghalabu hati ziliandikwa kwa majina ya wanaume. Nataka uangalie jambo moja zaidi katika ramani ile mpya, kwa sababu halitajwi mara nyingi. Mashamba mengi yalikatwa kama utepe, kuanzia barabara iliyo juu mgongoni mwa kilima mpaka mto ulio bondeni. Nyumba na barabara zikawa juu, maji yakawa chini. Mstari uliochorwa na mpima ardhi kwa dakika moja uliamua ni mara ngapi mtu atapanda mlima na mtungi katika maisha yake.

Pamoja na hati ilikuja ruhusa ya kulima kahawa, ambayo wakulima Waafrika wa Nyeri walikuwa wamenyimwa muda mrefu, na baadaye chai. Mwaka 1957 kiwanda cha chai cha Ragati kilianza kazi huko Mathira, cha kwanza kilichosaga majani ya wakulima wadogo. Fedha iliingia nyumbani, watoto wakalipiwa karo, mabati yakachukua mahali pa nyasi. Hayo ni maendeleo, wala hatuwezi kuyakana. Lakini kahawa mbivu haina budi kufika kiwandani siku iliyochumwa, na jani la chai likicheleweshwa huharibika. Basi mzigo uliongezeka, na sasa ukawa na saa yake.

Hapo ndipo gurudumu lilipoanza kuingia katika boma la mkulima mdogo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa, na watu wakahamia nyanda za Kieni, Mweiga na Naro Moru. Nchi hiyo ni tambarare zaidi na kavu zaidi. Maji yako mbali na barabara ni ya vumbi. Punda anaifaa kuliko mnyama yeyote. Upande wa kusini wa mlima, katika mashamba ya mpunga ya Mwea yaliyochimbwa kwa jasho la watu wa vizuizini katika miaka ya 1950, punda na maksai nao wakawa wachukuzi wa magunia kutoka majarubani.

Mkokoteni wa punda ni chombo cha hekima ya watu maskini. Fundi hutwaa ekseli ya motokaa iliyokufa pamoja na magurudumu yake mawili, akaweka juu yake mbao za sakafu, na mbele akatokeza mti wa kumfungia punda. Mpakiaji naye ana elimu yake: akijaza mbele mno, uzito wote humlemea punda, akijaza nyuma mno, mti huinuka na kumnyonga. Jambo ambalo wengi hawakulijua ni nira. Maksai wetu ana nundu, naye husukuma nira kwa shingo na nundu. Punda hana nundu, hukokota kwa kifua. Ukimvika nira ya ng'ombe utamtoboa vidonda, na apasavyo kuvaa ni ukanda mpana wa kifuani. Twasema kwamba shukrani ya punda ni mateke, lakini hatusemi shukrani ya mwenye punda ni nini.

Mkokoteni ulipofika, mitungi ya maji iliyomchukua mama siku nzima ililetwa mara moja. Lakini mnyama alipopata thamani, mara nyingi aliyemshika hatamu alikuwa kijana wa kiume, naye akayauza maji yale kwa mtungi. Ndiyo maana katika picha yetu ya Naro Moru kijana ameketi na mama anatembea.

Nyakati hazikusimama hapo. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikajaa katika kila njia ya Nyeri, Karatina na Nanyuki. Punda akabaki na kazi ambazo pikipiki haziwezi. Kisha, kuanzia mwaka 2016, vilifunguliwa nchini vichinjio vya punda, kwa sababu ngozi yake hununuliwa China kwa kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Wezi wakawavizia punda usiku; wenyewe wakaamka asubuhi wakakuta mabaki kichakani. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda kama milioni 1.8 katika Kenya; ile ya mwaka 2019 ilionyesha chini ya milioni 1.2. Wenye punda walilalamika, na mwaka 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliitengua marufuku hiyo, na mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kwa miaka 15.

Je, msomaji, mkulima wa Kieni akiibiwa punda wake, mzigo huenda wapi? Haupotei pamoja na punda. Maji yatatakiwa jioni ileile, na kuni, na viazi vya soko. Wenye uwezo watakodi pikipiki. Asiye na uwezo atautoa mukwa ulikokuwa umetundikwa. Hilo ndilo fundisho la habari hii yote. Kila palipokosekana mnyama, barabara au mashine, mzigo ulirudi kwa mtu. Na kila uliporudi ulimtafuta yule asiyeweza kukataa: mpagazi wa mwaka 1914, mwanamke wa kijijini mwaka 1954, na mama wa leo. Kwa hiyo tukisikia habari ya maendeleo, iwe ni reli ya Nanyuki iliyotengenezwa upya mwaka 2020 baada ya kulala miaka mingi, au bomba la maji la kijiji, tusiulize tu kwamba linakwenda kasi gani. Tuulize pia ni mgongo wa nani uliopumzishwa.

Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa atazamaye, ni mwepesi. Uamuzi wa kuuona uzito wake ni wako. Ukifika nyumbani, muulize nyanya yako alibeba nini, kutoka wapi hadi wapi, na ni nani aliyempokea mzigo huo kwanza. Andika majibu yake, kwani hayamo katika vitabu vingi. Kisha uirudie karatasi yako. Nadhani umekwisha kuchora mlima, na punda, na gurudumu. Kabla hujaosha burashi, tazama kama umemchora na yule mama anayekuja nyuma.